Uzi wa kufumia shali la mtoto: ulizeni pasi kwanza

Malalamiko ninayoletewa ni yale yale: shali limefumwa likapendeza, limepigwa pasi mara moja tu, limelegea kama tambi zilizochemka.

Ulaini na rangi mtachagua wenyewe. Mimi nikifika dukani nauliza kitu kimoja: uzi huu unavumilia pasi? Kwetu nguo ya kichanga haivaliwi bila pasi, na si kwa urembo. Kuna yule nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa nje, na funza wake akishaingia kwenye ngozi ya mtoto hamlali. Moto wa pasi ndio unaoua mayai. Akriliki, uzi ule wa kutengenezwa kiwandani, ni jamaa ya plastiki. Pasi ya moto ikiipitia inang'aa, inalegea, na hairudi tena ilivyokuwa. Geuzeni lebo muitafute alama ya pasi: nukta moja ni moto mdogo, mbili wa kati, tatu mkali.

Namba moja kwangu, wala sifichi mapenzi, ni Alize Bella ya Uturuki. Pamba tupu, kibonge cha gramu 50 kina mita 180. Shali la sentimita 80 kwa 80, mshono ule wa kawaida mbele na nyuma, nalifuma kwa sindano namba 4. Pamba haivutiki, kwa hiyo vidole vitalalamika. Tena inachelewa kukauka. Mkiweza fumeni mawili.

Inafuata Alize Cotton Gold, pamba asilimia 55 na akriliki 45. Inafumika kwa raha zaidi, ila pasi iwe ya moto mdogo, juu ya kitambaa, na moto mdogo siuamini kwa mayai ya nzi.

Himalaya Dolphin Baby, ile ya manyoya kama velveti, kila mtu anaitaka. Ni polista tupu, na pasi inalaza manyoya yote. Kwa mtoto wa Njombe kwenye baridi, sawa. Wa Tandika, kwenye joto la Dar, atavuja jasho.

Akriliki za bei poa fumieni vitambaa vya makochi.

Sasa wauzaji wetu wa Kariakoo. Wengine wanavua lebo kabisa, halafu unaambiwa "hiyo pamba dada yangu, shika mwenyewe". Ombeni kipande kidogo mkakiwashe kwa kiberiti nje: pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu, akriliki inayeyuka na kuganda kidonge cheusi. Mmoja alininyima hata urefu wa kidole, eti nataka kumchomea duka! Na bei anaipanga kwa kukutazama mkoba. Nunueni vibonge vyote siku moja, vyenye namba ya loti inayofanana, yaani vilivyotiwa rangi pamoja, maana ukirudi wiki ya pili nyeupe imeshakuwa rangi ya maziwa, na yeye anakuapia kwamba ukifua zitafanana. Hazifanani.