Bodi ya Slash ilipasuka: gundi ya viatu na tepu ya jipsamu, wiki sita baadaye

Karibuni tena mezani, ndugu watazamaji. Leo sifungui boksi jipya. Nimewaletea bodi iliyokwisha kula vumbi, naisogeza karibu na kamera muione vizuri: ni gamba la nje la Traxxas Slash, pikapu ndogo ya kuendesha kwa rimoti, ile ya kipimo cha moja kwa kumi ya gari halisi. Tazameni tao la gurudumu la nyuma. Huo mstari mwembamba unaopanda kuelekea tundu la pini inayoishikilia bodi ni ufa wa sentimita 11. Ulitokea gari liliporuka tuta likatua kwa ubavu.

Swali ninaloulizwa kila wiki ni hili: bodi ikipasuka, ninunue nyingine? Kwa sisi tulioko Dar, bodi nyingine ni kuagiza nje, kulipia usafiri, kisha kukaa kusubiri. Mimi nasema tengeneza kwanza. Ila tengeneza na kitu sahihi, maana kitu kisicho sahihi kinaimaliza bodi kabisa.

Hii plastiki ni polikaboneti, ndugu zake ni vioo vya taa za mbele za magari ya siku hizi. Haifiki unene wa kadi mbili za benki. Nguvu yake haitokani na ugumu. Inatokana na kunepa: ikigongwa inabonyea, halafu inarudi. Sasa nikiibonyeza hapa mnaona? Inacheza. Kwa hiyo gundi yoyote isiyocheza pamoja nayo itaachia, au itahamishia ufa pembeni.

Na hapo ndipo supa gluu inapotuangusha. Nilishaitumia kwenye bodi nyingine. Dakika moja tu ilishika, nikafurahi. Ilikauka ngumu kama kioo, ikaacha ukungu mweupe kuzunguka ufa, na mtuo wa kwanza tu ikakatika. Ufa mpya ulianzia kando kabisa ya gundi. Gundi ngumu za kuchanganya tyubu mbili nazo zina tabia hiyohiyo, zikikauka hazinepi.

Sasa tuje kwenye bidhaa yenyewe. Hii ni Shoe Goo, ya Marekani, tyubu ya mililita 109. Imetengenezwa kwa ajili ya soli za viatu, na kiatu kinakunjwa kila hatua, kwa hiyo gundi hii ikikauka inabaki kama mpira. Mwenzake ni hii tepu ya wavu, ile mafundi jipsamu wanayobandika kwenye maungio ya dari. Hii haikuhitaji kuagizwa, imetoka duka la vifaa vya ujenzi hapa mtaani. Wavu unazuia ufa kufunguka, gundi inaushika wavu. Kimoja bila kingine ni nusu kazi.

Kabla ya gundi kuna jambo ambalo wengi wanaliruka, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Toboa tundu dogo mwisho wa ufa. Mimi nimetumia biti ya milimita 2. Ncha ya ufa ni kali kama sindano, na kila kishindo kinakusanyika pale pale, ndiyo maana ufa unatembea hata ukiendesha taratibu. Ukiweka tundu la duara, ile nguvu inatawanyika kuzunguka ukingo, ufa unakosa pa kwenda. Hakikisheni tundu linakamata ncha yenyewe. Likikaa pembeni yake, mmetoboa bure.

Halafu usafi. Maji, sabuni ya vyombo, mswaki wa zamani, kisha spiriti. Thina hapana, asetoni hapana, dawa ya kutoa rangi ya kucha hapana. Vitu hivyo vinaifanya polikaboneti iwe na ukungu na nyufa ndogondogo.

Kuna suala la rangi pia. Bodi hizi zinapakwa rangi kwa ndani, na kiraka nacho kinakaa ndani ili nje pabaki pakimetameta. Maana yake gundi inashika rangi, haishiki plastiki. Bandika selotepu, ivute kwa nguvu. Rangi ikija nayo, ikwangue mpaka uone plastiki.

Nje nimeziunganisha kingo kwa tepu ya karatasi ya mafundi rangi. Ndani nikapaka tabaka jembamba, nikalaza wavu uvuke ufa sentimita 2 kila upande, nikapaka tabaka la pili juu yake. Kidole chenye glavu, ukikichovya maji, kinalainisha bila kunata. Tafadhali fanyeni hivi nje au madirisha yakiwa wazi, watoto wakiwa mbali. Harufu yake ni kali na si ya kuvuta. Mtengenezaji anasema inakauka kamili kati ya saa 24 na 72. Mimi nimeipa siku tatu kamili.

Haya, matokeo. Wiki sita, kila Jumamosi kwenye kifusi na mchanga, imepinduka mara nyingi. Ufa haujasogea hata milimita, tundu liko palepale. Kona moja ya wavu imenyanyuka, hii hapa, na ni pale ambapo sikukwangua rangi. Naipa alama 8 kati ya 10. Mbili nimezikata kwa sababu ya kusubiri muda mrefu na kwa uzito: ukipaka paa zima gari linakuwa zito juu na linapinduka upesi. Pakeni matao, kona za nyuma na pua, mwachie hapo. Kwenye madirisha wavu utaonekana, hilo halikwepeki.

Bodi ikiwa mpya, pakeni sehemu hizo kabla ya kuiendesha. Nitafanya hivyo kwa inayofuata.

Wale wenye magari ya rimoti ya kupanda mawe yenye bodi za ABS, aina nyingine ya plastiki iliyo ngumu, msifuate maelezo haya. Bodi yenu inalia ko-ko ukiigonga, na rangi iko nje. Kwenu asetoni ndiyo dawa: katakata mabaki ya ABS, yaloweke kwenye asetoni kwenye chupa ya kioo mpaka yawe uji mzito, kisha paka kwa ndani ya ufa. Inaungana ikawa plastiki moja.

Na tyubu ya Shoe Goo, futeni mdomo wake kabla ya kufunga kifuniko. Ukiacha gundi kwenye nyuzi za kifuniko, mara nyingine utalazimika kuikata tyubu kwa kisu.