Darubini ya milimita 70 juu ya dari la Lamu: kioo chafaa, stendi yaniudhi

Assalaam aleikum watazamaji wangu, na nyinyi mlio mbali na pwani, hamjambo nyote. Karibuni tena darini, hapa Mkomani, Lamu. Upepo mwausikia wenyewe kwenye maikrofoni. Ndiyo kaskazi hiyo, na leo sikuipunguza sauti yake hata kidogo, kwa sababu kaskazi ndiyo itakayokipima kitu hiki mnachokiona mbele yangu.

Darubini. Kioo cha mbele milimita 70, umbali wa fokasi, yaani toka kioo hicho hadi mahali mwanga unapokutana, milimita 700. Vilivyomo ndani ya sanduku nitavipita mbio, mshaviona kwenye video nyingi. Chapa siitaji, na wala haina haja, maana bomba hili hili huuzwa kwa majina chungu nzima, rangi ndiyo hubadilika.

Nianze na lililonifurahisha. Kioo ni kizuri, jamani. Mshtarii, yaani sayari ya Jupita, yule pale juu ya kisiwa cha Manda, aonekanaye kama nyota kubwa isiyomemeteka. Januari 10 mwaka huu wa 2026 dunia ilipita katikati yake na jua, kwa hiyo siku hizi yuko karibu nasi, anang'aa, na yuko angani usiku karibu kucha. Natia lenzi ya jicho ya milimita 25. 700 gawanya kwa 25, unapata ukuzaji wa mara 28. Nimeifunga simu hapa kwenye lenzi ili muone ninachokiona mimi. Vile vidoa vinne vilivyopangana ubavuni mwake mwaviona? Ni miezi yake: Io, Europa, Ganymede na Callisto. Galileo aliiona Januari 1610 kwa darubini iliyokuza kama mara 20 tu, yaani chini ya hii niliyo nayo darini. Rudi kesho usiku uitazame, utaikuta imehama. Io huzunguka kwa muda usiofika siku mbili, hivyo hata ukikaa hapa tangu magharibi hadi usiku mkubwa utamuona amesogea. Mimi hilo halinichoshi abadani.

Haya. Sasa stendi.

Naondoa lenzi ya 25, natia ya 10. Ukuzaji mara 70. Hapa ndipo mikanda miwili ya Mshtarii huonekana, ile mistari ya rangi ya hudhurungi. Mpwa wangu, usiiguse meza. Tazameni skrini. Nagusa bomba kwa kidole kimoja, pole pole. Hesabuni nami. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Bado anaruka huyo. Sita. Saba. Sasa ametulia. Sekunde saba! Na sikuipiga, nimeigusa tu. Ngoja niguse hili gurudumu la kufokasi, la kuisafisha picha isiwe na ukungu, ambalo huwezi kukaa bila kuligusa. Tazameni. Huyo, huyo, anatoka kabisa kwenye picha, anarudi, anatoka. Unapofokasi huoni kitu, na unapoona kitu hufokasi. Halafu subirini upepo. Umekuja, mmeusikia? Sijagusa kitu, mikono yangu hii hapa juu, na Mshtarii anacheza chakacha.

Mtu atasema, si uache kuigusa. Haiwezekani! Dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa. Kwa ukuzaji wa mara 70, Mshtarii anaukatiza uwanja wote wa lenzi kwa dakika zisizofika tatu, kisha yuwatoka. Kwa hiyo kila baada ya dakika moja hivi lazima ulisogeze bomba. Ukilisogeza, unalitikisa. Ukilitikisa, unangoja. Ukimaliza kungoja, ashafika ukingoni. Na ukimwita mtoto aje aone, atalishika bomba kwa mikono miwili kama afanyavyo mtoto yeyote, atasema haoni kitu, na atakuwa asema kweli. Hili ndilo linaloniuma hasa. Watu wananunua darubini, wanaijaribu juma moja, wanaitia chini ya kitanda wakiamini kwamba nyota hazina maana, kumbe kosa ni la miguu mitatu ya alumini nyembamba.

Na sababu zaonekana kwa macho. Bomba lina urefu wa sentimita 70 na limeshikwa mahali pamoja tu, hapa, kwenye pingili ya plastiki. Upepo umepata mkono mrefu wa kusukumia. Miguu ni alumini tupu ndani, yavutwa mara tatu, na kila kiungo kinacheza. Ushike uone, mpwa wangu. Wauona?

«Mjomba, huu umelegea.»

Haukulegea, nimekaza hadi mwisho. Ndivyo ulivyoundwa.

Basi sikuja kulalamika tu. Tuifanyie dawa, pesa ishatoka. Kwanza rudisha miguu yote ndani, isivutwe hata kidogo. Utakaa chini, na kukaa chini ni bora, mwili ukitulia na jicho latulia. Tandika mkeka. Pili, chukua kamba, funga dumu la lita 5 lililojaa mchanga, lining'inie katikati ya miguu, lakini literemshe mpaka kitako chake kiguse sakafu kidogo. Likining'inia hewani litabembea, na utakuwa umeongeza shida. Tatu, hili nalipenda: chukua ndala kuukuu, kata vipande vitatu, weka kimoja chini ya kila mguu. Mpira unaumeza mtetemo badala ya kuurudisha juu. Sasa nagusa tena, kidole kile kile. Moja. Mbili. Ametulia! Tumetoka sekunde saba mpaka mbili, kwa mchanga na ndala. Kaskazi ikivuma bado anatikisika, lakini sasa hata mtoto ataona.

Nimeshazungumza na seremala atutengenezee stendi ya mbao, fupi na nene, maana mbao huua mtetemo upesi kuliko alumini yenye uwazi ndani. Hiyo itakuwa video yake pekee, bonyezeni kengele msije mkaikosa.

Liko jambo lingine la stendi hii ambalo wachambuzi wa Ulaya hawaligusi, kwa sababu kwao si tatizo. Sisi tuko nyuzi kama mbili tu kusini mwa ikweta. Nyota kwetu zinapanda wima na kupita utosini. Sasa hivi yakaribia saa tatu, tazameni juu: Jabari, lile kundi la nyota liitwalo Orion. Ukanda wake, zile nyota tatu zilizopangana, uko juu ya kichwa changu hasa. Chini yake kidogo, pale penye upanga, pana wingu la gesi zinamozaliwa nyota mpya, na darubini ya 70 inalionyesha vizuri sana, na nyota nne ndogo katikati yake. Lakini ni lazima uelekeze bomba juu kabisa. Nielekeze. Naelekeza... basi. Limegonga mguu. Haliendi. Katika anga lote la usiku, linalopendeza zaidi lipo utosini, na stendi imekataa kutazama juu. Dawa yake ni kulipata mapema, saa moja na nusu au saa mbili likiwa bado upande wa mashariki, au baada ya saa nne likiteremka magharibi.

Mwaniuliza sana kuhusu zile stendi za ikweta, zenye uzani na vyuma vingi, zinazoonekana za kitaalamu. Kwa jina ungedhani zimeundwa kwa ajili yetu. Kwa pwani ya Kenya msizinunue, angalau hizi za bei nafuu. Mhimili wake lazima uelekezwe kwenye ncha ya anga, na kimo cha ncha hiyo ni sawa na latitudo yako. Kwetu ni nyuzi mbili, yaani mhimili ulale karibu sawa na sakafu. Nyingi haziwezi kulala hivyo, na zikilala, uzani wagonga miguu. Na utalenga kwa nyota gani? Jaa, ile nyota ya ncha ya kaskazini, haionekani Lamu, iko chini ya upeo wa bahari. Nahodha akienda kaskazini na kusi huiona ikichomoza akishavuka ikweta. Chukua stendi ya juu-chini na kushoto-kulia, hiyo yatosha.

Na hii namba ya sandukuni, ukuzaji wa mara 350. Wameipata kwa kutia lenzi ya milimita 4 juu ya kile kidude cha kuongeza mara mbili. Kwa hesabu ni kweli, kwa macho si kitu. Kioo kina kiasi chake: milimita za kioo cha mbele mara mbili, basi. 70 mara mbili ni 140. Ukipita hapo unakuza ukungu. Muuzaji akikuanzia na namba ya ukuzaji, wewe muulize upana wa kioo na akuoneshe miguu.

Bei. Hii nimeitoa Mombasa kwa shilingi elfu 13. Kwa pesa hizo, na nasema haya nikiwa naipenda lenzi yake, mtu anayeanza ningemwambia anunue bainokula ya 10x50. Hii hapa. Inakuza mara 10, kioo milimita 50, na mwanga unaotoka una upana wa milimita 5, jicho lililozoea giza laumeza wote. Haina stendi, kwa hiyo haina ugomvi. Lala chali kwenye mkeka, tazama utosini, hakuna mguu wa kugonga. Kilimia, lile kundi dogo la nyota zilizosongamana, kwenye darubini ya mara 28 kinaenea kwa taabu, kingo zakatwa. Kwenye bainokula kinaingia kizima na anga la giza limekizunguka, nyota makumi badala ya zile sita au saba za macho matupu. Ukiwa Shela kwenye mchanga, mbali na taa, geuka kusini: juu kule Suheli, nyota ya pili kwa mwangaza usiku baada ya Shira, na chini yake Wingu Kubwa la Magellan. Hiyo ni galaksi nyingine, na baharia wa zamani hakuwa na haja ya kioo kuiona. Mshtarii je? Miezi yake utaiona kama vinukta, ukiegemeza viwiko ukutani. Mikanda hutaiona. Hapo darubini inashinda, na kwa sayari ya Zohali (Saturni) pia, pete zake zinataka ukuzaji wa mara 30 hivi kwenda juu. Pete hizo zilitugeukia ubavu Machi 2025, ndiyo maana bado ni nyembamba, lakini kila mwaka zinafunguka.

Ukinunua bainokula ya mtumba, tazama mnara wa simu ulio mbali. Ukiona miwili, irudishe, vioo vyake vimepindana. Kisha iinamishe kwenye mwanga uangalie kuvu ndani. Hewa yetu ina chumvi na unyevu, kuvu hula kioo. Ihifadhi kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Na msifute kioo kwa kikoi! Chumvi ni punje, itakwaruza. Puliza kwanza kwa kipulizio cha mpira, kisha kitambaa cha miwani.

La mwisho ni la hatari, naomba mtulie. Ndani ya sanduku nimekuta kioo cheusi cha kufunga kwenye lenzi ya jicho, ati cha kutazamia jua. Nakivunja mbele yenu. Joto lote la jua linakusanyika pale pale kilipo, kikipasuka jicho limekwenda. Kichujio cha jua hukaa mbele ya bomba, si nyuma. Nasema mapema kwa sababu Agosti 2, 2027 jua litapatwa lote, kivuli kikipita Misri na Saudia, Makka ikiwa ndani yake, na sisi Kenya tutaona sehemu tu. Najua watu watatoa darubini kabatini.

Jambo hilo hilo kwa mwezi mwandamo. Shaabani ndiyo hii, Ramadhani yaja, na mmeniandikia wengi mkitaka kuutafuta mwezi kwa bainokula. Hukumu ya kuonekana ni ya masheikh na Kadhi, mimi nitaonyesha namna ya kutafuta tu: mahali pa kusimama, upande gani wa pale jua lilipozama, na dakika ngapi za kungoja. Lakini usiinue bainokula magharibi kabla jua halijazama lote. Video hiyo naitoa kabla ya Shaabani 29. Watu wa Malindi nanyi sikuwasahau, nakuja Ngomeni, palipo karibu na jukwaa la baharini iliporushwa setilaiti ya Uhuru Desemba 12, 1970, ya kwanza duniani kutumwa mahususi kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani. Mwenye ua wenye giza huko, aniandikie hapa chini.