Pro Football Reference: nyota 4, na ni bure

Wadau wa NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, wa Mbeya, najua tuko wachache ila tupo, tunaokesha na blanketi maana Super Bowl, yaani fainali, huku inaanza saa 8 na nusu usiku na baridi ya Uyole mnaijua wenyewe. Leo nataka nisifie hii tovuti ya takwimu kwa kitu kimoja tu, kupima wale watano wa mbele wanaomlinda kwotabaki, yule mrusha mpira wa timu.

Wengi tunahesabu saki, yaani mara ngapi kaangushwa na mpira mkononi, tunaishia hapo. Jamani hiyo ni sawa na kupima mabeki wa Prisons kwa magoli tu wakati kipa ndo kaokoa jahazi dakika tisini! Angalia Super Bowl ya Februari 2021, Mahomes, kwotabaki wa Chiefs, aliangushwa mara 3 tu, ukiona hiyo utasema mbona ukuta ulikuwa freshi, kumbe kwa hesabu ya kituo cha michezo cha ESPN alibanwa mara 29, walinzi wake wawili wa kawaida wa pembeni, Fisher na Schwartz, walikuwa majeruhi, akakimbizwa usiku kucha na Chiefs wakala 31-9.

Sasa humu unapata asilimia ya saki, ambayo ni bora kuliko idadi, maana saki 40 kwa timu iliyorusha mara 600 ni kama asilimia 6, kwa iliyorusha 400 ni 9 (unagawa kwa mipira iliyorushwa ukijumlisha na saki zenyewe), hao hawafanani kabisa. Halafu kuanzia msimu wa 2018 kuna presha, yaani mara ngapi kabanwa, na kuna sekunde anazokaa kabla hajarusha au kabla hawajamfikia, hapo ndo utamu, maana kuna kwotabaki anang'ang'ania mpira mpaka wanamkuta halafu lawama wanabebeshwa walinzi.

Nyota moja nimeitoa sababu presha inaandikwa kwa kwotabaki na timu, huoni nani kati ya wale watano kapitwa. Kwa hilo nenda ESPN, wana kipimo cha mlinzi kumzuia mtu wake walau sekunde 2.5, wanatumia chipu zilizoko kwenye pedi za mabega. Mimi niliwahi kulipia huduma moja inayompa kila mchezaji maksi, jina silitaji, nikakaa msimu mzima sielewi maksi zimetokea wapi, hela ikaenda.

Mnaoanza, fungueni ukurasa wa timu yenu, soma presha na sekunde pamoja, usisome moja peke yake.