Uzoefu wangu: Xeon X5650 ya mtumba kwenye mazabodi ya X58, kutoka GHz 2.66 hadi 4.0

Xeon X5650 ni prosesa ya seva ya mwaka 2010: kori 6, thredi 12, kashe ya L3 ya MB 12, wati 95. Kasi yake ya kiwandani ni GHz 2.66, na turbo huifikisha 3.06. Inakaa kwenye soketi ya LGA1366, ile ile ya Core i7-920, na kwa kuwa seva nyingi za kizazi hicho zilishavunjwa, chipu hizi zinapatikana kwa bei ya chee. Yangu imekaa kwenye GHz 4.0 kwa miezi kumi na moja sasa. Nianze na hukumu: kama mazabodi ya X58 (chipseti ya soketi hiyo) unayo tayari ndani ya kasha, nunua bila kuwaza sana. Kama huna, acha. Chipu ni rahisi, lakini mazabodi nzuri za X58 zimekuwa adimu na wenye nazo wanalijua hilo.

Si kila mazabodi ya X58 itakufaa. Zile zilizotoka kwenye kompyuta za ofisini, mfano Dell Precision T3500, zina chipseti hiyo hiyo lakini BIOS yake haina sehemu ya kugusa kasi wala volteji. Unahitaji mazabodi iliyouzwa peke yake, zile za ASUS, Gigabyte, EVGA au MSI. Sasisha BIOS wakati prosesa ya zamani bado imo, maana matoleo ya mwanzo hayazitambui chipu za nanomita 32. Ukiweka Xeon kwanza, skrini inaweza kubaki nyeusi ukadhani umeuziwa chipu mfu. Badilisha na betri ya CR2032 siku hiyo hiyo. Betri iliyochoka inafuta mipangilio kila umeme unapokatika, na ovakloki (kupandisha kasi kupita ya kiwandani) ina mipangilio mingi mno ya kuandika upya kila wiki.

Bajeti nimeigawa hivi: sehemu ndogo kabisa kwenye prosesa, kubwa kwenye kipoza joto. Cooler Master Hyper 212 Evo ya mtumba yenye feni ya mm 120 inatosha kwa 4.0. Hakikisha muuzaji anakupa vyuma vya kufungia vya LGA1366, kwani matundu yake yana nafasi ya mm 80 na vya soketi ya 1155 havitakaa. Pesti mpya ni lazima. Pawa saplai isiwe ya kubahatisha, na ule waya wa umeme wa prosesa wenye pini 8 uchomeke wote, usiishie na pini 4. RAM chukua vipande vitatu vinavyofanana, kwa sababu X58 inasoma njia tatu kwa pamoja. RAM za seva aina ya RDIMM zinavutia kwa bei, lakini mazabodi za mezani kwa kawaida hazizikubali.

Sasa kiini cha kazi. X5650 imefungwa kizidishi, yaani namba inayozidishwa na mapigo ya msingi kupata kasi ya kori: juu kabisa ni 20, au 22 kwa kori zote turbo ikiwa imewashwa. Huwezi kuongeza kizidishi kama kwenye i5-2500K ukamaliza. Kinachobaki ni kupandisha BCLK, yaani mapigo ya msingi ambayo kwa kawaida ni MHz 133. Hapo ndipo watu wengi wanaponasa, kwa sababu BCLK haipandishi kori peke yake. Inapandisha vitu vinne kwa mpigo: kori, RAM, Uncore (ambamo mna kashe ya L3 na kidhibiti cha RAM), na kiungo cha QPI kati ya prosesa na chipseti. Ukipeleka BCLK 200 bila kushusha vizidishi vingine, RAM iliyokuwa x10 inajikuta 2000, haiwaki, na wewe unaanza kuongezea kori volti ambazo hazikuwa na shida nazo. Nathubutu kusema nusu ya chipu zinazosingiziwa kuwa hazifiki 4.0 zimekwamishwa na RAM au Uncore.

Kwa hiyo tafuta mpaka wa kila kimoja peke yake. Weka kizidishi cha kori 14, RAM x6, QPI kwenye x36 ambayo ni ya chini, na PCIe uiandike 100 kwa mkono, usiiache Auto. Zima Spread Spectrum, na kwa muda zima pia EIST na C1E, ambazo huipumzisha prosesa ikiwa haina kazi. Kisha panda: 160, 180, 190, 200, kila hatua ukiipa nusu saa ya Prime95 (programu ya kuitesa prosesa) ya aina ya Blend. Kori hapo ziko chini ya GHz 3, basi ikianguka ujue kosa ni la BCLK au la VTT, yaani volteji ya Uncore. Ukishaona 200 imetulia, rudisha kizidishi 20 upate 4000, halafu RAM ipeleke x8 iwe 1600.

Uncore ina kanuni yake: kwa chipu hizi za nanomita 32 isiwe chini ya mara moja na nusu ya kasi ya RAM. RAM ikiwa 1600, Uncore isipungue 2400. Mimi nimeiweka x14, yaani 2800. Kuipeleka 3200 kuliongeza joto na kudai VTT zaidi, na kwenye kazi zangu sikuona tofauti ya maana. Mazabodi yako ikigoma kufika 200, usilazimishe. Washa turbo, tumia kizidishi 22 na BCLK 182, utapata 4004 ile ile na RAM itakuwa 1456. Kwa macho hutaona tofauti.

Volteji, na hapa naomba msomaji asome mara mbili. Usiache VTT kwenye Auto. Mazabodi kadhaa, zikiona BCLK imepanda, zinajiongezea VTT hadi kupita 1.4 bila kukuuliza, na kikomo cha Intel kwa chipu hizi ni 1.35. Kinachoungua ni kidhibiti cha RAM, na kiko ndani ya prosesa yenyewe. Jina la mpangilio huu hubadilika: ASUS wanaandika QPI/DRAM Core Voltage, Gigabyte QPI/Vtt Voltage, na EVGA wanahesabu nyongeza kwa milivolti, kwa hiyo soma kwa makini kabla ya kubonyeza. Kanuni ya pili: volteji ya RAM isiizidi VTT kwa zaidi ya 0.5. RAM ya 1.65 inataka VTT isiyopungua 1.15. RAM zangu ni za 1.5, DDR3-1600 zenye taimingi 9-9-9-24, na VTT imekaa 1.235. Vcore, yaani volteji ya kori, ni 1.264 kazi ikiwa nzito, LLC (inayozuia Vcore kushuka wakati wa kazi) ikiwa imewashwa. Kikomo cha Vcore nacho ni 1.35. Namba hizi ni za chipu yangu; yako inaweza kutaka pungufu au zaidi kidogo, kwa hiyo anzia 1.20 upande kwa 0.0125.

Kwa nini nimeishia 4.0 wakati chipu inawaka hata kwenye 4.4? Hesabu. Joto la prosesa hukua sambamba na kasi, lakini kwa mraba wa volteji. Kwa 4.4 yangu ilitaka kama 1.38, ambayo tayari imevuka kikomo. Kasi imeongezeka kwa asilimia 10, joto kwa takriban asilimia 31. Kipoza joto cha mtumba hakilipi deni hilo.

Kupima: Small FFTs kwa kori, Blend kwa RAM na Uncore, na mzunguko mmoja kamili wa MemTest86 kabla ya hata kuwasha Windows, maana RAM mbovu huharibu mafaili kimyakimya. Nusu saa inatosha kwa hatua za kati, saa nane kwa mpangilio wa mwisho. Joto la kori lisipite nyuzi 80. Yangu hufika 71. Skrini ya bluu yenye 0x101 mara nyingi ni Vcore kidogo. Ya 0x124 huwa ni VTT, na dawa yake wakati mwingine ni kuipunguza badala ya kuiongeza. Thredi moja ya Prime95 ikisimama huku nyingine zikiendelea, ongeza Vcore hatua moja. Mashine ikifaulu saa nane halafu asubuhi, ikiwa baridi, ikakataa kuwaka hadi ubonyeze mara mbili, ongeza VTT hatua moja au peleka Command Rate ya RAM 2T.

Kuna kituko kimoja ambacho hakina uhusiano na kasi: umeweka GB 12, Windows inaonyesha 8. Kabla ya kulaumu RAM, fungua kipoza joto. Pini za LGA1366 ziko kwenye soketi. Moja ikipinda, au skrubu zikikazwa zaidi upande mmoja, njia nzima ya RAM inapotea. Legeza, safisha, kaza kwa zamu kimshazari.

Usiisahau ile chipu ya X58 yenyewe chini ya kipande chake cha aluminiamu. Inachemka hata bila ovakloki, na pesti yake ya zamani huwa imekauka kama chokaa. Niliikwangua, nikapaka mpya, nikafunga feni ya mm 40 kwa kamba ya plastiki. Kazi ya nusu saa, na ndiyo iliyoondoa kuganda kwa ghafla ambako Prime95 haikukuonyesha kamwe.

Faida iko wapi? Kwa x264, programu ya kubana video inayotumia thredi zote, video iliyochukua dakika 14 sasa inachukua 10 na sekunde chache. Hayo ni mapato halali ya kutoka 2.93, kasi ya turbo kwa kori zote, hadi 4.0. Michezo ya zamani kidogo inakwenda vizuri. Lakini chipu haina AVX (seti ya amri za hesabu iliyoko kwenye prosesa za baadaye), na ovakloki haiwezi kuileta: michezo inayoidai haifunguki kabisa. SATA ni ya 3Gb/s, kwa hiyo SSD haizidi takriban MB 280 kwa sekunde. Kwa kazi ya kori moja, Core i3-12100 inaiacha mbali huku ikila umeme mchache. Na kulala kwa S3 hakukurudi sawasawa tangu BCLK ipande. Nazima mashine kabisa.

Baada ya kutulia, rudisha EIST na C1E. Bila kazi prosesa itashuka hadi x12, yaani GHz 2.4, na feni itanyamaza.