Trekta ndogo na sheria za moshi: ipi ununue kwanza, ipi uiache

Kabla hujauliza bei, uliza kilowati. Sheria za moshi wa dizeli za Marekani (Tier 4) na za Umoja wa Ulaya (Stage V) hubadilika ghafla kwenye kilowati 19, yaani karibu nguvu za farasi 25. Chini ya hapo injini inaruhusiwa kutoa masizi hadi gramu 0.4 kwa kilowati-saa. Ukivuka, kikomo cha Marekani tangu 2013 ni gramu 0.03, na cha Ulaya tangu 2019 ni 0.015. Ndiyo maana matrekta mengi yamesimamishwa kwenye farasi 24 na ushee.

Chaguo langu la kwanza liko hapo, chini ya 25, ila lenye injini kubwa. Trekta ya Kubota L2501 hutoa farasi 24.8 kwa injini yenye ukubwa wa lita 1.6 na mizunguko 2,200 tu kwa dakika, bila kichujio cha masizi. Kubota BX2380 ina farasi 21.6, lakini kwa injini ya lita 0.9 na mizunguko 3,200. Kwenye karatasi zinakaribiana. Kwenye jembe hazikaribiani hata kidogo. Soma lita za injini, usisome farasi peke yake.

La pili ni trekta ya zaidi ya farasi 25 yenye kichujio, DPF kama mafundi wanavyokiita. Inamfaa mwenye kazi nzito ya saa nyingi, kwa sababu masizi huungua kwenye joto la takriban nyuzi 600. Kuiacha iungurume bila kazi ndiko kunakokiziba. Pia inataka dizeli yenye salfa kidogo sana. Kama huipati dizeli hiyo kwa uhakika, usinunue trekta hii. Ukikuta iliyotumika, pitisha kidole ndani ya bomba la moshi lililopoa. Kikitoka cheusi, kichujio kimepasuka au kimeng'olewa.

La tatu ni trekta ya zamani, iliyoundwa kabla ya sheria hizi. Fundi yeyote wa pampu na nozeli ataiweza. Lakini moshi wake unavutwa na dereva kutwa nzima, na tangu 2012 shirika la utafiti wa saratani la WHO limeuorodhesha moshi wa dizeli kuwa unasababisha saratani. Mimi ningeinunua kwa kazi chache za uwanja wazi, kamwe si za bandani.

Ya mwisho, usiiguse: iliyong'olewa kichujio makusudi. Marekani ni kosa kisheria, na kurudisha kichujio kipya ni gharama itakayokuangukia wewe.