Chaji inakaa, ila inaua apu hovyo

Nina miezi mitatu na hii simu, RAM (memori ya kuendeshea apu) GB 4, chaji inamaliza siku kweli, ila jamani inaua apu hovyo, yaani inazifunga yenyewe! Naweka redio ya intaneti huku nakaanga chapati, nazima kioo, dakika mbili tu kimya, na meseji za WhatsApp zinamiminika zote kwa mkupuo ukishaifungua. Dawa ingia setingi, betri, chagua apu yenyewe, iruhusu ifanye kazi muda wote, yangu ndo ikatulia. Ila apu kutoona mafaili ya apu nyingine siilaumu simu, toka Android 11 (toleo la mfumo wa simu) ya 2020 apu hairuhusiwi kuchungulia foda za wenzake na mi naona sawa kabisa, zamani hata apu ya tochi ilikuwa inaomba mafaili yako yote. Picha za WhatsApp zitafute kwenye foda ya Android, halafu media.