Kofia ya joto ya mbegu za kitani: miezi 8 kichwani mwangu

Nywele zangu hazinywi maji. Nikizipulizia, matone yanakaa juu kama umande kwenye jani la yungiyungi. Nikitikisa kichwa, yanadondoka. Zikishalowa nazo, kukauka ni kazi: naosha asubuhi, jioni mabutu bado ni mabichi kwa ndani.

Miaka mingi nilidhani zina kiu ya mafuta. Nikapaka mafuta ya nyonyo, juu yake shea, juu yake tena jeli. Zikang'aa, zikanata, foronya zikachafuka, na ndani zikabaki kavu vilevile, zinakatika kila nikipitisha kitana. Iliniuma sana kukusanya vipande vile sakafuni.

Kila unywele umefunikwa na magamba madogo yaliyolaliana kama vigae vya paa. Kwa sisi wenye nywele za namna hii, magamba hayo yamebana, na unachopaka kinaishia juu. Joto lenye unyevu huyalegeza kidogo, kondishona ikapata pa kupita. Ndiyo maana nikanunua kofia hii.

Ni ya kitambaa cha pamba, imeshonwa vyumba vidogo vidogo vilivyojazwa mbegu za kitani. Naipasha kwenye maikrowevu dakika 1, naipapasa ili mbegu zijichanganye, naongeza nusu dakika, kisha naigusisha mkononi kwa ndani kabla ya kuivaa. Usiruke hatua hiyo, maana mbegu za katikati huwa moto kuliko kitambaa kinavyoonyesha. Kichwani natangulia kuvaa kofia ya plastiki juu ya nywele mbichi zenye kondishona.

Siku ya kwanza niliivua baada ya dakika 20. Plastiki ilikuwa imejaa matone kwa ndani, na kondishona iliyokuwa imetanda nyeupe juu ya nywele haikuonekana tena. Nilivuta msokoto mmoja wa nyuma ya sikio, ule mgumu kuliko yote. Ulinyooka, nikauachia, ukarudi kujikunja, laini. Nilikaa pale bafuni nikiuvuta na kuuachia.

Lakini kofia haiwezi kupenya uchafu wa mafuta ya zamani. Wiki ya pili niliivaa juu ya shea ya siku nne, nywele zikatoka nzito na zimelala. Sasa mara moja kwa mwezi naanza na shampuu ya kuondoa mabaki, kwa maji ya uvuguvugu. Kondishona nachagua nyepesi, ambayo maji ndiyo yametajwa kwanza kwenye orodha ya viambato, na zenye protini sizitumii kila wiki kwa sababu nywele zangu hukakamaa. Mafuta? Matone machache, mwishoni, kwenye ncha tu.

Kasoro zipo. Vyumba vya utosini vimejazwa sana kuliko vya kisogoni, kwa hiyo juu panawaka na nyuma panapoa mapema, na kisogoni ndiko kwenye shida yangu kubwa. Naigeuza nyuma mbele ikifika nusu ya muda. Ni nzito pia. Dakika 20 zikipita shingo inaomba kupumzika. Na haifuliki: mbegu zikilowa zinaota ukungu, basi plastiki ni lazima.

Kilichoniudhi zaidi ni mshono. Kofia ya kwanza ilifumuka mwezi wa tatu, mbegu zikamwagika bafuni kote. Muuzaji alijibu mara mbili, halafu kimya. Hii ya pili niliipitia kwa sindano kabla hata sijaivaa, na imetulia hadi leo.

Ya umeme nimewahi kuijaribu kwa dada yangu. Joto lake ni sawasawa kichwa kizima, ila unafungwa na waya ukutani. Taulo la moto linapoa kabla hujakaa vizuri.

Kama nywele zako zimepaushwa kwa dawa, magamba yake yameshafunguka, hii huihitaji. Na usijipime kama nywele zako ni za namna hii kwa kutumbukiza unywele kwenye glasi ya maji uone kama utaelea, maana wenye mafuta utaelea tu. Pulizia maji kwenye nywele safi zisizo na kitu, kisha angalia matone yanakaa muda gani. Yangu yalikaa hadi nikachoka kusubiri.

Ningeinunua tena, pamoja na sindano na uzi.